Koti la Baba wa Golikipa

Ukungu wa Tarime wa siku zile haukuwa na adabu. Uliingia uwanjani bila hodi, ukakaa katikati kama ng'ombe aliyeshiba, nasi tukacheza mpira kwa kusikiliza. Mimi nilikuwa golikipa. Nilisimama kati ya milingoti miwili ya mkaratusi, nikasikia mguu unapiga, nikasikia mbwa akibweka kule Bomani, halafu mpira ukatokea tu mbele ya uso wangu, mweupe ndani ya weupe. Mpaka leo nikijilaza mchana baada ya kula, mpira ule unakuja. Hauna haraka. Naunyooshea mikono, na kabla sijaugusa naamka, na hasira inanipanda kwa sababu nilikuwa karibu kuudaka.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira. Watoto wakicheza mpira wa matambara mbele ya nyumba yangu, golikipa wao akiruka vibaya, nagomba. "We! Kunja magoti! Unaanguka kama gunia!" Wananicheka. Wacha wacheke, lakini magoti wanakunja.

Mwaka tuliopanda daraja, kutoka ligi ya wilaya kwenda ligi ya mkoa, ni mimi niliyetupandisha. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Mechi ya mwisho ilichezwa Musoma, upepo wa ziwa ukitupiga usoni, na dakika za mwisho wakapewa penalti. Mpigaji alikuwa mtu mnene mwenye miguu mifupi. Aliangalia kushoto, nikajua anapiga kulia, kwa sababu mtu mnene hana siri. Nikaruka. Ule mpira niliukumbatia kifuani, nikabaki nimelala nao chini, nyasi puani, watu wakipiga kelele mbali sana, kama vile wako ng'ambo ya mto. Nilitamani nisiamke.

Tulirudi kwa lori la ushirika lililokuwa limepeleka kahawa. Wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nililala juu ya magunia matupu, natazama mawingu yakitufuata, nikawaza kwamba sasa nami nina kitu. Maana sikuwa na kitu kingine. Wazazi wangu walikufa nikiwa mdogo, nikalelewa kwa baba mdogo ambaye ng'ombe zake zilikuwa na wanawe wa kutosha kuzitoa mahari. Kwetu Wakurya, mwanamume asiye na ng'ombe haoi, na asiyeoa hata ndevu zikimjaa anaitwa mura tu, yaani kijana. Nilikuwa mpagazi kwenye ghala la kahawa la ushirika, nalala chumba cha nyuma ya ghala, nanuka kahawa mpaka kwenye ndoto. Sikuwa na nyumba, sikuwa na shamba. Nilikuwa na ile nafasi kati ya milingoti miwili, basi.

Mwenyekiti wa timu alikuwa fundi cherehani. Sote tulimwita Fundi. Alikuwa Mwislamu wa pwani aliyepanda huku bara zamani kwa biashara, baridi ikamshika, akabaki, na kila asubuhi alilalamikia baridi hiyohiyo iliyombakiza. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza pale Bomani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, chetu kilikuwa na mawe mawe, na kila mmoja alimcheka mwenzake kwa haki yake. Kikurya hakukijua hata kidogo. Alijua kusema "mura!" tu, na alimwita hivyo kila mtu, hata wanawake.

Ndiye aliyeleta habari za mpango. "Nchi nzima ina mpango wa miaka mitano," alituambia, "nyie mna nini? Mna ngoma na nyama choma. Tumepanda daraja, alhamdulillahi, lakini kupanda kila mtu anapanda, hata mbuzi hupanda kichuguu. Kubaki ndiyo kazi." Akauchora mpango wake kwa chaki ya kushonea, juu ya meza ya kukatia nguo. Mwaka wa kwanza tusishuke, ndilo jambo kubwa. Mengine yalikuwa pembeni, shamba la mahindi la timu, nyasi za uwanja, na jezi mpya akipata kitambaa, maana siku zile kitambaa kilikuwa adimu kuliko mvua. Katikati ya meza alichora uwanja, na wachezaji aliwaweka alama za msalaba. Mchana akikata suruali za watu, mpango ulifutika. Jioni aliuchora tena, kila siku tofauti kidogo, na nyumbani kwake watu walikula ugali wenye chaki.

Kila jioni nilipita pale nikitoka ghalani. Jioni moja nikaona msalaba wa golikipa umezungushiwa duara.

"Fundi, duara hili ni la nini?"

"Hiyo ni kesho."

"Kesho ya nani?"

"Ya timu, bwana. Usinune. Goti lako la kulia linalia ukiinama, mimi nalisikia toka kwenye benchi. Tutafute kijana, umfundishe, ukae naye. Huo ndio mpango."

"Mimi ndiye niliyedaka penalti!"

"Na nilikushukuru mbele za watu. Sasa tunapanga."

Nilifuta duara lile kwa kiganja, nikaondoka bila kuaga. Kesho yake nilipita tena. Lilikuwepo, na safari hii alilichora kwa chaki nyekundu. Nilichukia mpaka nikasahau kula.

Fundi hakuwa mtu wa kungoja. Jumapili moja alinichukua, tukapanda lori la ushirika mpaka upande wa Genkuru, kwenye kijiji cha ujamaa kilichokuwa bado kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye vilima vyao, wakapangwa kwa mistari, na nyumba zilisimama pale zikitazamana kwa aibu kama wageni kwenye harusi. Vijana wa kijiji walicheza na wa kijiji jirani. Uwanja ulikuwa mteremko. Golikipa wa upande wa chini alikuwa kijana mrefu, mwembamba, peku, shati limechanika mgongoni.

Sikutaka kumtazama. Nilitazama ng'ombe, nikatazama kilima, nikawatazama akina mama waliokuwa wakicheka. Lakini mpira ulipopigwa, macho yalirudi yenyewe. Yule kijana hakuruka, aliondoka tu ardhini. Ilikuwa kama kuna mtu amemwita kwa sauti ndogo huko juu naye akaitika. Aliushika mpira kwa mkono mmoja, akashuka polepole, vumbi likasimama kumsubiri. Nasema hivi sasa kwa utulivu. Siku ile utulivu sikuwa nao, kwa sababu nilijua. Mtu wa kazi humjua mwenzake. Nilijua nimekwisha.

Mechi ilipoisha, Fundi alikwenda kuzungumza naye. Mimi nilishuka mtoni kunawa uso, na nilinawa sana. Niliporudi, Fundi alikuwa anang'aa.

"Amekubali! Nimemuuliza, nyumbani kwenu mwenye idhini ni nani? Akanijibu, baba. Ndilo neno alilosema, baba, mara mbili. Kijana mwenye heshima huyo. Kesho kutwa tunakwenda kumwona baba yake, kiungwana, na mkono mtupu hauendi."

Kama ningekuwepo wakati wanazungumza, mambo yangekwenda njia nyingine, maana ningejua kuna walakini. Kikwetu, baba ni mama. Baba mzazi tunamwita tata. Yule kijana Kiswahili alikijua kwa shida, akajibu kwa lugha ya nyumbani, na Fundi akasikia lugha ya pwani. Mimi nilikuwa nimenuna, kwa hiyo neno lile lilipita sikioni mwangu likiwa la Kiswahili tu.

Fundi akashona koti. Alikuwa na kipande cha kitambaa kizito cha kijivu alichokuwa amekificha chini ya sanduku lake, pengine kwa ajili ya sikukuu yake mwenyewe. Hakumjua huyo baba, akakisia. "Kijana ni mrefu," alisema akiwa na pini mdomoni, "baba atakuwa mrefu aliyeanza kuinama." Akanisimamisha mbele ya meza, akaniwekea kitambaa mabegani, akapima kwa macho. Alinitumia kama kigogo cha kupimia zawadi ya mtu ambaye mwanawe ananinyang'anya nafasi. Nilimwambia hivyo hivyo. "Simama wima," akanijibu.

Boma la kina kijana lilikuwa nje kidogo ya mistari ya kijiji, karibu na zizi ambalo serikali ilikuwa imelisahau au imelionea huruma. Bibi mmoja alikuwa amekaa mlangoni, anapepeta ulezi. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye macho makali, na makapi ya ulezi yalikuwa yamemkaa kichwani kama mvi za pili.

"Shikamoo, bibi," alisema Fundi, akainama sana.

"Marahaba," akajibu. Hilo, na maneno mengine machache, ndicho kilichokuwa Kiswahili chake chote.

Nikawa mkalimani. Fundi akasema tumekuja kumwona baba wa yule kijana golikipa, tuna heshima yake na tuna zawadi yake. Nikatafsiri, nami kwa Kikurya nikasema tata, kama inavyopasa.

Bibi akaacha kupepeta. "Tata wake hayupo."

"Atarudi lini?" aliuliza Fundi.

"Hajaondoka."

"Sasa kama hajaondoka, yuko wapi?"

"Hajafika," akasema bibi, akaendelea na ulezi wake.

Nikamtafsiria Fundi. Akafikiri kidogo, akapanguza jasho, akasema kwa uungwana wake wote wa pwani, "Basi mwambie hatuna haraka. Tutamsubiri."

Nikamwambia. Bibi alinitazama, akamtazama Fundi, akalitazama koti lililokunjwa vizuri mapajani mwa Fundi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Akatuonyesha gogo la kukalia. Tukakaa. Tulisubiri mchana kutwa. Kivuli cha zizi kilitoka miguuni mwetu kikapanda mpaka vifuani, nzi walituzoea, na Fundi kila akisikia hatua alisimama, akalikung'uta koti na kutabasamu, halafu ikawa ni mbuzi.

Mwishowe akaja mwanamke mwenye mtungi wa maji, wa rika langu hivi, mrefu. Alipiga magoti akamsalimu bibi. Bibi akamwambia, "Mkamwana wangu, wape wageni maji, wanamsubiri mume wako." Yule mwanamke akaangalia chini, mabega yakimtikisika. Alikuwa anacheka na yeye.

Hapo ndipo nikaamka. Nilijipiga paji la uso. "Fundi," nikasema, "twende zetu. Huyo baba hakuzaliwa."

"Astaghfirullah! Unasema nini?"

Nikamweleza. Kwetu, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, kama ana ng'ombe zake, anaoa. Anamtolea binti mahari, anamleta nyumbani awe mkamwana wake, mke wa mwana ambaye hayupo. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba hiyo, na baba yao ni huyo mwana. Anatajwa, anaheshimiwa, ng'ombe ni zake, ila hakuwahi kuzaliwa. Yule mwenye mtungi ndiye mama wa golikipa. Huyu bibi ndiye mwenye nyumba, ndiye ambaye kijana humwita baba, yaani mama, na idhini iko kwake.

Mtu mwingine angecheka. Fundi alilitazama koti, akalishikashika ukosi wake. "Na mimi nimemshonea," alisema taratibu. "Nimemshonea na mfuko wa ndani."

Akasimama, akamwekea bibi lile koti mapajani, kwa mikono miwili. Akaniambia nitafsiri sawasawa, nisipunguze. Timu yetu imepanda, ina mpango, inamtaka mjukuu wake aje asimame mahali pa golikipa wetu, atapewa kazi ghalani, atapewa chumba, ataheshimiwa.

Nilitafsiri. Kila neno lilikuwa mwiba, nami nikalisema. Bibi alisikiliza huku akipapasa kitambaa.

"Zamani nilikaa mlimani na ndugu za marehemu mume wangu," akasema. "Serikali ikatuhamisha, kila mtu na mstari wake. Sasa nina yeye peke yake. Akiondoka, nani ataongoza ng'ombe wa kulima? Nani atalala zizini wakija wezi? Nikifa, nani ataufunga mlango huu?" Kisha akaniuliza, "Na huyo golikipa wenu wa sasa, yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Wewe?" Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Na wamekutuma wewe kuja kumchukua?"

"Ndiyo, bibi."

"Una nyumba?"

"Sina."

"Mke?"

"Sina."

"Una nini?"

Nikafungua mdomo nimwambie nina nafasi yangu, nikaona jinsi litakavyosikika, nikaufunga.

Bibi akaanza tena kupepeta, kidogo kidogo. "Basi mwambie mzee huyu hivi. Kama mjukuu wangu anakwenda kusimama mahali pako, wewe njoo usimame mahali pa tata wake. Pamekuwa wazi tangu zamani. Sitatoa mtu nikabaki na tundu."

"Anasemaje?" akauliza Fundi.

Nitasema wazi jinsi ilivyokuwa. Nilitamani kusema, amekataa. Neno moja tu, na Fundi angenyanyuka, angekunja koti lake, nasi tungerudi Tarime, na mimi ningebaki golikipa mpaka goti livunjike. Hakuna ambaye angejua. Chini ya mteremko yule kijana alikuwa anarudisha ng'ombe. Alikuwa ameokota ndulele, vile vitunda vya manjano vya porini, anazirusha juu moja moja na kuzidaka bila kutazama, mkono huu, mkono ule, anatembea, midomo yake ikipiga mluzi. Jua lilikuwa nyuma yake. Zile ndulele zilipanda zikasimama hewani kama zimesahau kushuka, na kila ilipoanguka mkono wake ulikuwa pale tayari, umefika kabla. Nilimwonea wivu mpaka macho yakaniuma. Na wakati huohuo nikasikia neno la bibi, njoo. Nilikuwa nimeambiwa simama, beba, pisha, ruka. Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kuniambia njoo.

"Anasema amekubali," nikamwambia Fundi. "Lakini na yeye anasajili."

Nilipomweleza, Fundi alishika kichwa. "Haya hayakuwa kwenye mpango!"

"Kachore tena," nikasema.

Mama wa kijana alikuwa amesimama pembeni na kata ya maji, amesikia yote. Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilimtazama, nikaona aibu, kwa sababu mahali nilipoitwa palikuwa ni pa mume wake. Akamuuliza bibi, si mimi, "Anajua kulima?"

"Mikono anayo," akajibu bibi.

"Mikono kila mtu anayo. Atalala zizini na ng'ombe. Mengine tutaona." Akanipa maji.

Bibi akasimama, akaniambia niiname, akanivika koti. Mabega yalienea, maana nilipimiwa mimi. Lakini Fundi alikuwa amekisia baba wa kawaida, na mimi nina mikono ya golikipa, ikatokeza nje kama ya mtoto anayekua. Fundi alisema atairefusha. Bibi akakataa. Kwa Kikurya akasema hivyo hivyo inatosha, mtu akichelewa anakuta nguo zimepungua.

Nilihamia mvua za kwanza zilipoanza, na kijana akahamia chumba changu cha nyuma ya ghala. Mwezi wa kwanza nilipiga kelele kila siku. Ng'ombe walijua mimi si mtu wao, wakalima mistari iliyopinda mpaka mjumbe wa nyumba kumi akaja kuuliza kama tunachora ramani. Mama wa kijana alicheka mbele yangu bila kujificha. Nililala kwenye kibanda cha zizini, na alfajiri nilisikia ng'ombe wakipumua pande zote, na ndani ya pumzi ile nilikuwa golini tena, kwenye ukungu, nasubiri mguu upige. Hasira zangu zilianza kunitoka bila kuniaga. Sikuziona zikiondoka. Siku moja jembe lilivunjika nikajikuta nimekaa juu ya mtaro nacheka peke yangu.

Kijana alikuja nyumbani kila alipopata lori. Kwanza aliniamkia kwa jina langu tu, nami sikudai zaidi. Nilimpeleka nyuma ya zizi, nikampigia mpira. Nilimgombeza, Mungu anajua. "Macho kwenye mguu, si kwenye mpira! Mpira ni mwongo!" Kwenye ukungu usitafute kuona, nilimwambia, sikiliza mguu wa kusimamia, ule unaokanyaga kabla ya kupiga. Ndio unaosema ukweli. Mama yake alikuwa anakuja kututazama, anajidai anaokota kuni. Jioni moja alitua kuni zake chini, akaniambia, "Nipigie na mimi." Nikampigia polepole. Aliudaka kwa sketi. Tulicheka mpaka bibi akatoka nje kuuliza nani amekufa. Tangu mvua za pili zilipoanza sikulala tena zizini.

Timu iliyumba, ikashinda, ikafungwa, na Fundi alinitumia salamu na madereva wa lori. "Mwambie duara linasimama." Kufikia mechi ya mwisho tulihitaji sare ili tusishuke, na mechi ilikuwa kwetu, Tarime.

Bibi akasema anakwenda. Hakuwahi kuona mpira wa mji. Tulimpandisha kwenye lori, mbele na dereva, mama wa kijana na mimi tukakaa juu ya magunia. Nilivaa koti langu la mikono mifupi. Ukungu ulikuwa pale uwanjani ukitungoja, haujabadilika hata kidogo, wala ile milingoti ya mkaratusi. Fundi alinikumbatia, akanipapasa mabega kama anapima.

Nilikwenda nyuma ya goli. Sikuweza kukaa na watu. Kipindi cha pili ukungu ulifunga kabisa, kelele za watazamaji zikawa zinatoka mbali, ng'ombe fulani akalia, na nikaona tu mgongo wa kijana mbele yangu, mrefu, ametulia. Mimi na yeye tulikuwa peke yetu duniani. Halafu nikausikia. Mguu wa kusimamia, kushoto kwetu, tap. Mwili wangu wote uliinama. Goti langu la kulia lililia. Kabla sijapiga kelele kijana alikuwa ameshaondoka ardhini, polepole, kama siku ile kijijini, na mpira ukatokea mweupe ndani ya weupe, ukaingia mikononi mwake. Alilala nao chini, haamki. Nilijua anachosikia. Nilimwacha alale.

Filimbi ilipolia, sare, watu walimiminika uwanjani. Kiongozi mmoja wa mpira wa mkoa, mtu wa suti ya safari, alimshika kijana mkono, akamuuliza kwa sauti kila mtu asikie, "Hongera sana! Wewe ni mtoto wa nani? Baba yako ni nani?"

Fundi alikuwa karibu. Nilimwona anashtuka, anataka kuingilia, aeleze habari za lugha na desturi na nyumba, na mdomo wake umeshafunguka. Bibi naye alikuwa pale, amemshika mkamwana wake kiuno asisukumwe na watu.

Kijana alinitafuta kwa macho. Akanyoosha mkono ule mrefu.

"Tata yangu ni yule," akasema. "Yule mwenye koti."

Watu wakageuka kunitazama. Sikujua pa kuiweka mikono yangu, nikaivuta ndani ya koti, ikakataa kuingia. Nilikuwa nalia, na sikujali. Yule kiongozi akawa ananijia kunipa mkono.

Bibi akamvuta Fundi kanzu, akamwambia kwa Kiswahili chake kidogo, ili asihitaji mkalimani:

"Amefika."